Saa Nne Iliyosomwa Saa Kumi

Taarifa ya kifo cha Mzee Rashidi ilinikuta nyumbani kwangu Msangeni, nimekaa jikoni nachambua maharage. Simu ililia mezani, nikafuta mikono, nikasoma: "Dada Namsifu, mzee wetu ametutoka asubuhi hii. Tutamzika kesho Ijumaa, saa kumi alasiri, baada ya swala." Aliyeandika alikuwa Zuberi, mwanawe wa kwanza. Kila kitu alikiandika kwa maneno, siku, saa, na hata wakati wenyewe wa hiyo saa. Mtu mwingine asingeona lolote katika ujumbe ule zaidi ya msiba. Mimi niliyaacha maharage kwenye ungo, nikaenda kusimama mlangoni nikitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, na mwaka mmoja wa ujana wangu ukarudi wote kwa mkupuo, na vumbi lake na harufu zake.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilifanya kazi kwa Mzee Rashidi pale Same, karibu na stendi. Mbele kulikuwa na duka la madaftari, kalamu na mashine ya kutoa kopi. Nyuma ya duka, ukipita pazia la kitenge, kulikuwa na chumba chenye kompyuta tatu na dirisha moja lisilofungika vizuri. Upepo wa Same mnaujua. Ulikuwa ukiingia na vumbi jekundu ukatuwekea juu ya meza, juu ya vikombe, mpaka katikati ya vitufe vya kompyuta, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa. Tulichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Ndipo Mzee Rashidi akapata wazo lake kubwa. Wapare wametawanyika, alisema, wako Dar, wako Mwanza, wako ng'ambo. Mtu anafiwa na shangazi yake mlimani, anapata habari watu wameshaanua matanga. Basi tutakuwa na tovuti ya matangazo, misiba na harusi, na mtu popote alipo atafungua aone.

Aliyeijenga tovuti hiyo alikuwa Elisante, kijana wa Suji, mrefu, mkimya, aliyekuwa akivaa sweta la kijivu hata jua la saa saba lilipokuwa likipasua mabati. Nilipomuuliza mbona havui, alinijibu kwamba mwili wake ulikuwa bado haujapata habari kuwa ameshuka mlimani. Ndivyo alivyokuwa, anaweza kukaa asubuhi nzima bila neno, halafu akasema moja ukacheka mpaka jioni. Alijifunza mwenyewe kuandika programu, na alinifundisha na mimi, tukiwa tumekaa kwenye benchi moja kwa sababu kiti cha tatu kilivunjika na Mzee hakukitengeneza. Leo mimi ni mwalimu wa kompyuta, nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na bado nikieleza jambo gumu darasani naisikia sauti yake ya polepole ndani ya yangu.

Kila mchana tulikula pamoja. Mama Zuberi, mke wa Mzee, alikuja na hotipoti la makande na chupa ya chai iliyojaa tangawizi kiasi cha kuwasha koo, akaipangusa meza kwa upande wa khanga yake na kutupakulia kwa zamu, Mzee kwanza, kisha Elisante, kisha mimi. Hata Ramadhani alitupikia sisi Wakristo wawili, akafunika chakula kwa kawa na kutuita nyuma ya pazia. "Mwenye kufunga ni mimi," alikuwa akisema, "nyie mtakufa na njaa kwa dini ya nani?" Mambo mengi ya kazi yaliamuliwa juu ya makande yale. Na ndipo lilipotajwa kwa mara ya kwanza lile jambo lililokuja kututenganisha.

Tovuti yetu ilikuwa imejengwa juu ya kiolezo kilichonunuliwa mtandaoni kikiwa tayari, templeti kama tulivyokuwa tukiiita. Ilikuwa mfano wa fomu tupu. Unajaza jina la marehemu, mahali, tarehe na saa, nayo inakupangia ukurasa mzuri wenye picha. Lakini ilipanga saa kwa namna ya kwao waliotengeneza. Ukijaza saa nane mchana, ukurasa unaandika 14:00. Ukijaza saa nne asubuhi, unaandika 10:00, basi, bila kusema ni saa za nani.

"Mzee," Elisante alisema siku hiyo, kijiko kikiwa hewani, "hizi saa za kwenye tovuti watu watazisoma vibaya. Mtu wa kwetu akiona kumi, anasoma saa kumi. Naweza kuandika fanksheni yetu wenyewe, ikageuza saa na tarehe kuwa maneno."

"Fanksheni ni nini?" Mama Zuberi aliuliza.

"Ni maelekezo madogo, mama. Unayaandika mara moja, unayapa jina, halafu kila ukurasa ukifika kwenye saa unayaita, yanakugeuzia."

Mzee Rashidi alitikisa kichwa. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye ndevu fupi zilizochongwa, na tovuti ile ilikuwa kitu cha fahari kwake kuliko duka lote. "Kijana wangu, tovuti ni kitu cha dunia. Unataka watu walioko Uingereza waone saa za stendi ya Same?"

"Watu walioko Uingereza ni Wapare, mzee."

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini hakukubali. Elisante alirudia tena wiki chache baadaye, safari hii alikuwa na karatasi ameandika mifano, na Mzee akamjibu kwa mkato, "Watu wataelewa. Iache ionekane kama za wenzetu." Elisante aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa sweta. Hakuwa mtu wa kubishana na aliyemzidi umri. Nimewahi kujiuliza, kama angekuwa mbishi kidogo, au kama Mzee angekuwa hana fahari kidogo, mwaka ule ungekwenda wapi. Ni swali la bure, najua, lakini ukifika umri wangu maswali ya bure ndiyo yanayokuja bila kubisha hodi.

Mzee Rashidi alilelewa Bendera na mama yake mkubwa, Bibi Zaituni. Ndiye aliyemnywesha maziwa ya mbuzi, ndiye aliyemsomesha, na Mzee alimwita mama tu, bila "mkubwa" yake. Jioni moja, Mzee akiwa Moshi kununua karatasi, simu ya dukani ililia, nikapokea. Alikuwa Mzee Hamisi, mdogo wa Mzee Rashidi, anapiga kutoka Bendera, sauti inakatika-katika. Bibi Zaituni amefariki. Mazishi kesho saa nne asubuhi, joto la kule halimsubirishi maiti. "Kaka nimempigia," alisema, "amesikia habari ya kifo, lakini simu ikakatika kabla sijamwambia saa." Nilijaribu kumpigia Mzee, hapatikani. Nikajaza tangazo kwenye tovuti, tukaliweka. Baada ya muda ulikuja ujumbe wake kwenye simu yangu: "Nimeona kwenye tovuti. Nitawahi inshallah." Nilimwonyesha Elisante na Mama Zuberi, na sote tukashusha pumzi.

Asubuhi tulikodi gari, Mama Zuberi, Elisante, mimi na majirani wawili, tukapita Kisiwani na kuteremka hadi Bendera. Nakumbuka turubai la bluu, wanaume wamekaa chini kwenye mikeka, na joto lililokuwa likitetemeka juu ya mashamba ya mpunga. Saa nne ilifika, Mzee hakuonekana. Walipiga simu, hapatikani, yuko njiani, walisema, barabara ile mtandao ni wa kubahatisha. Walisubiri mpaka saa tano ikapita. Imamu akasema kwa upole kwamba haki ya maiti ni kuharakishwa. Jeneza likainuliwa, na sisi wanawake tukabaki ndani tukisikia sauti za wanaume zikienda mbali.

Alifika mchana, watu wameshakula. Alishuka kwenye teksi akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mkononi amebeba kifurushi cha udi, na dereva nyuma yake ameinua gunia la mchele. Alitazama saa yake. "Alhamdulillahi, tumewahi," alisema. Halafu akaona wanawake wanaosha sufuria. Akasimama. "Mbona mnaosha vyombo kabla ya mazishi?" Mzee Hamisi alitoka nyuma ya nyumba, miguu yake ingali na udongo wa kaburini, akamshika kaka yake bega.

"Kaka, tumeshamzika."

"Imeandikwa saa kumi." Alitoa simu mfukoni, akamwonyesha mdogo wake, kisha akamwonyesha jirani, kisha akawa anaionyesha kwa kila aliyekuwa karibu. "Si hii hapa? Kumi. Si mnaona? Kumi." Elisante alikuwa amesimama pembeni yangu. Nilimwona akifumba macho.

Jambo lililofuata nililisikia, sikuliona. Jioni nilikuwa jikoni namimina chai pamoja na Mama Zuberi, na ukuta wa miti na udongo ulitutenganisha na chumba walichokaa wanaume wa ukoo. Mzee Hamisi alikuwa akisema kwa hasira. "Hawa vijana wako wa kompyuta ndio waliokukosesha kumzika mama. Huyo wa mlimani hajui kusoma saa?" Mwingine akadakia, "Umewaamini mno, Rashidi." Nilisimama na birika mkononi, nikingoja. Nilijua atakachosema, kwa sababu nilikuwepo pale mezani alipoonywa, na Mama Zuberi alikuwepo. Ndipo nikaisikia sauti ya Mzee, imekauka: "Ni vijana. Wamekosea. Yaacheni." Mama Zuberi aliweka sinia chini. Alitazama ukuta kwa muda, kama mtu anayemwona mumewe kupitia kwenye udongo. Kisha akaniambia, "Mimina chai, mwanangu."

Nilimwambia Elisante tulipokuwa tunarudi Same, kwa sauti ya chini, nyuma ya gari. Nilikuwa nimejaa hasira na nilitaka naye akasirike. Alitazama nje, milima ikiwa imegeuka ya zambarau. "Mtu amekosa kumzika mama yake," alisema, "unataka aseme mbele ya ndugu zake kwamba ni yeye mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, ndicho ninachotaka. Akanijibu, "Siku moja atasema. Si leo."

Aliiandika ile fanksheni juma lililofuata, bila kumwomba mtu ruhusa. Aliiita saayetu, neno moja. Sehemu ya hesabu ilikuwa nyepesi. Unachukua saa ya kompyuta, unatoa sita. Ikizidi kumi na mbili unaondoa kumi na mbili, ikiwa chini ya moja unaziongeza. Iliyotushinda ni maneno. Tulikaa kwenye benchi letu tukabishana. Saa kumi ni alasiri au ni jioni? Kwetu mlimani tulisema jioni. Mama Zuberi, akipakua makande, alisema jioni haianzi watu hawajaswali alasiri. Saa kumi na moja, bado ni usiku au ni alfajiri? Na mtu aliyefariki usiku wa Alhamisi, ni Alhamisi ipi hiyo, kwa maana kwa Waislamu siku huanza jua likizama? Mwishowe tukaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa," ambayo kila mtu anaielewa. Siku za juma tukaziandika, na miezi tukaiandika kwa majina, ili asiwepo wa kuchanganya mwezi na tarehe. Ndizo siku nilizokuwa na furaha kuliko zote mwaka ule, naona haya kusema hivyo, kwa kuwa zilikuja juu ya msiba wa mtu. Bega lake lilikuwa karibu na langu, sweta lake lilinuka moshi wa kuni, na kila neno tulilolipata lilikuwa letu sote wawili.

Alipomaliza alimwita Mzee Rashidi aje aone. Mzee alikuja, akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Elisante alikuwa amechagua tangazo la harusi, kwa heshima, asimwonyeshe la msiba. Ilikuwa imeandikwa pale: Jumamosi, tarehe sita Septemba, saa nne asubuhi. Mzee aliisoma, midomo yake ikitembea. Nikadhani sasa atasema. Aliweka mkono juu ya bega la Elisante, akauondoa. "Vizuri," alisema, akatoka kwenda mbele dukani. Tangu siku hiyo hakuifungua tena tovuti ile mbele yetu. Alikuwa akiuliza tu, kutoka upande wa pili wa pazia, "Tangazo limetoka?" nami namjibu, "Limetoka, mzee."

Chakula cha mchana nacho kilibadilika. Mzee alianza kula mbele, peke yake, kwa kisingizio cha wateja. Ndugu zake wa Bendera wakipita Same walimsalimia Elisante kwa kuinua kidevu tu. Hakulalamika, lakini alizidi kuwa kimya, na yale maneno yake ya kuchekesha yakaisha. Mvua za vuli zilipoanza aliniambia amepata kazi Dar, kwenye ofisi moja ya kutengeneza tovuti. Tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa nyuma, maji yakitiririka kutoka kwenye mabati.

"Wanatafuta wengine," alisema. "Kule kuna kazi ya watu wawili."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama mvua. Nilikuwa na jibu, lilikuwa limejaa mdomoni, lakini nilitaka kwanza aseme neno jingine, lolote, lisilokuwa kazi. Nikasema, "Na Mama Zuberi abaki na nani?" Nilikusudia anibembeleze. Akakubali kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili, akasema, "Kweli. Hapa wanakuhitaji." Aliondoka mwisho wa mwezi. Alinipigia mara kadhaa, tukaongea habari za fanksheni na za mvua. Kisha simu zikawa chache, kisha namba ikabadilika, na nikasikia kwa watu wa Suji kwamba ameoa.

Tovuti yenyewe haikuishi sana. Watu waliingia kwenye makundi ya simu, matangazo yakawa yanapita huko bure, na Mzee akaacha kuilipia. Mimi nikaenda kusomea ualimu. Lakini sikuacha kupita kwa Mama Zuberi kila niliposhuka Same, na safari moja nilimkuta Mzee amekaa uani, sukari imeshamchukua mguu mmoja. Tuliongea mambo ya kawaida. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Yule kijana aliniambia. Mara mbili aliniambia." Nikamwacha aendelee. "Yuko wapi siku hizi?" Niliitafuta namba ya Elisante kwa ndugu zake, nikaipata, nikaiandika mwenyewe kwenye simu ya Mzee. Mama Zuberi aliniambia baadaye kwamba mara nyingi alimwona anaichukua simu, anaitafuta namba ile, anaitazama, kisha anaiweka chini na kuomba maji.

Mimi mwenyewe namba hiyo nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilijiambia ni jambo lao wawili.

Ijumaa ile ya mazishi nilifika Same mapema. Nikamkuta Mama Zuberi ndani, kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Alinikumbatia akasema, "Mwenzio amekuja," nami sikuuliza ni nani. Kupitia dirishani nilimwona, amesimama miongoni mwa wanaume, nywele zimeingia mvi, hana sweta. Kabla jeneza halijainuliwa Zuberi alisimama, akasema kama inavyosemwa: baba yetu alikuwa binadamu, kama kuna mtu alimkosea, kwa kujua au kwa kutojua, tunamwombea msamaha kwenu. Wanaume wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Nilijaribu kuisikiliza sauti moja ndani ya zile zote. Haikuwezekana.

Baada ya maziko alikuja kumpa pole Mama Zuberi, kisha tukasimama nje, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, ambalo sasa linauza vifaa vya simu. Tuliulizana watoto, kazi, wazazi. Ndipo akaniambia alivyopata habari. "Simu ilipoita, jina lililotokea ni la mzee. Namba yake sijawahi kuifuta. Nikajua amepiga mwenyewe. Nikapokea, nikasema, 'Shikamoo mzee.'" Aligeuka akautazama mlango wa duka. "Akawa Zuberi."

"Pale alipoombewa msamaha," nilimuuliza, "uliitikia?"

"Niliitikia. Lakini mimi nilishamsamehe mle garini, Namsifu, siku ile tunatoka Bendera. Lilikuwa jambo la kuja kumwambia akiwa mzima. Maiti utamwambia nini?"

Gari la kwenda Suji lilikuwa limewasha, mke wake amekaa mbele, amemwekea nafasi. Nikaona kwamba nisiposema wakati ule, na mimi nitakuja kusema mbele ya jeneza.

"Mwaka ule," nikasema, "ningekuja Dar. Kama ungeniuliza."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza habari za kazi."

Akatazama chini, akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na sauti, akajipangusa uso wote kwa kiganja.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuuliza habari za kazi."

Akanipa mkono, akaushika wangu kwa muda, kisha akaenda garini.